Kumbe dawa ni ile ile, jina tu ndilo ghali!

Kama umechacha, usijali, tuko wengi. Leo naomba tuweke kando kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nguo, tuzungumzie kitu kinachomaliza vijisenti vya makabwela kimya kimya kuliko hata michango ya harusi. Nazungumzia dawa.

Sisi wa Bongo kwa kubishana bei hatujambo. Mtu atasimama Kariakoo kwenye jua kali, ashike blauzi ya mtumba, aitafute tundu, aiseme vibaya rangi yake, aondoke, aitwe, arudi, mpaka muuzaji mwenyewe achoke na kusema "haya, lete." Nyanya tunazibishania, mchicha tunaomba nyongeza, na bodaboda hatumpandi kabla hatujakubaliana bei. Lakini mtu huyo huyo akifika duka la dawa na kikaratasi chake cha daktari, anakuwa bubu. Anakipitisha pale dirishani, anasubiri kutajiwa. Akiambiwa elfu arobaini, ama anatoa, ama anakunja kikaratasi chake na kuondoka zake bila kusema neno. Katikati hapana.

Mie nasema katikati papo, na ndipo penye hela yako. Ila kwanza tuone tulifikaje hapa.

Wazazi wetu wanasimulia kwamba zamani ulikuwa unakwenda hospitali ya serikali, unaandikiwa, unakwenda dirishani, unapewa dawa zako kwenye kibahasha cha karatasi, na mchezo umekwisha. Tena mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kibiashara, mpaka ziliporuhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Sisi wengine tulizaliwa tukaikuta hali hiyo, na tukaukuta na ule msemo ambao kila Mtanzania anaujua kwa moyo: "Hii haipo, kanunue nje." Ukishaambiwa "kanunue nje," hapo umeingia sokoni, upende usipende. Na sokoni, asiyeuliza hulipa zaidi.

Nina shangazi yangu anakaa Temeke, anakaanga vitumbua na kuviuza asubuhi. Shangazi ana presha. Daktari wa hospitali moja ya binafsi alimwandikia kidonge kimoja kila siku, maisha yake yote. Yeye akanunua, akameza, akatulia, nasi tukaamini mambo yako shwari.

Siku moja nimekwenda kumsalimia, nikaliona lile boksi la dawa juu ya kabati. Nikahesabu tarehe, haziingiani. Nikamwuliza, "Shangazi, boksi hili si la vidonge 30? Mbona ulilinunua mwezi wa juzi na bado vimo?"

Akacheka. "Mwanangu, leo nameza, kesho napumzika. Boksi moja elfu arobaini na tano, vitumbua vyenyewe unavijua. Halafu hii presha ikinipanda naisikia mwenyewe, kichwa kinaniambia."

Hapo ndipo moyo ulinienda mbio, maana presha haina tabia ya kupiga hodi. Kwa watu wengi inapanda wala hausikii kitu, ndiyo maana wazungu wameipa jina la muuaji wa kimya kimya. Anayesubiri kichwa kimwambie anaweza kusubiri mpaka siku ya kuanguka.

Kesho yake nikamshika mkono hadi famasi moja huko huko Temeke. Kijana wa pale, koti jeupe, adabu zake zote, akasoma kikaratasi, akamtazama shangazi, akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Shikamoo mama. Unataka hii hii iliyoandikwa hapa, au unataka dawa?"

Shangazi akashangaa. "Marahaba baba. Kwani hii si ndiyo dawa?"

Yule kijana akaweka maboksi mawili juu ya meza. Moja ndilo lile la siku zote, limeng'aa, jina la kampuni kubwa kubwa. La pili halina mbwembwe. Akatuonyesha maandishi madogo chini ya jina. Kwenye boksi la kwanza pameandikwa Amlodipine, miligramu 5. Kwenye boksi la pili pameandikwa hivyo hivyo, Amlodipine, miligramu 5, vidonge 30. La kwanza elfu arobaini na tano. La pili elfu sita.

Msomaji wangu, fanya hesabu mwenyewe. Kwa hela ya boksi moja lile la kwanza, unapata maboksi saba ya lile la pili na chenji ya mkate inabaki! Bei hizo ndizo nilizozikuta mie siku ile, duka jingine litakuwa na zake, lakini pengo lenyewe ndilo hilo.

Shangazi akauliza, "Sasa baba, miezi yote hii mbona hamkuniambia?"

Kijana akajibu kwa upole, "Mama, hukuuliza."

Hatukununua papo hapo. Tulirudi kwa daktari kwanza, tukamwonyesha jina. Akatazama, akasema ni dawa ile ile, ameze tu, ila ameze kila siku bila kukosa, na arudi kupimwa. Mazungumzo hayo hayakufika hata dakika tatu. Tangu siku ile shangazi hapumzishi kidonge.

Si wote wenye bahati ya shangazi. Katika nyumba tunayopanga yupo fundi cherehani, mtu wa makamo, ndiye aliyeshona sare za shule za nusu ya watoto wa mtaa wetu. Naye alikuwa na presha, naye dawa ilimshinda bei, akaacha kabisa, akawa anatafuna vitunguu saumu kwa kuwa vitunguu vinapatikana. Alfajiri moja mkewe alimkuta chini, mdomo umekwenda upande. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia haushiki mkasi. Daktari aliyempokea alimwambia mkewe wazi kwamba ile kuacha dawa ndiko kulikomfikisha pale. Cherehani yake imefunikwa kanga mpaka leo, na sare watoto wanashonewa mtaa wa pili.

Ndiyo maana nasema hili si suala la ubahili. Ni suala la nani atabaki na mkono wake na nani atabaki anautazama.

Sasa tuelezane vizuri, maana hata mie niliyeishia kidato cha nne nimelielewa, basi hakuna atakayeshindwa. Kila dawa ina majina mawili. La kwanza ni jina lake halisi, yaani jina la ile kemikali yenyewe inayotibu, na jina hilo kwa kawaida ni moja katika nchi nyingi. La pili ni jina la biashara, ambalo kampuni imelipachika ili uikumbuke. Wewe unaijua Panadol, lakini Panadol ni jina la biashara. Jina halisi ni parasetamoli. Flagyl jina halisi ni metronidazoli. Amoxil ni amoksilini. Ni sawa na sabuni ya unga: mtu anamtuma mtoto dukani akalete sabuni kwa jina la kampuni moja, mtoto analeta ya kampuni nyingine, na nguo zinatakata vile vile.

Mbona basi bei zipishane namna hiyo? Sababu yake si uchawi. Kampuni inayovumbua dawa mpya hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Katika muda huo inarudisha gharama zake za utafiti, na faida juu. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa hiyo hiyo. Hao hawana gharama ya kuvumbua, na wanashindana wenyewe kwa wenyewe, basi bei inaporomoka. Lakini yule wa kwanza mara nyingi anaendelea kuuza jina lake kwa bei ya juu, kwa sababu wapo watu waliolizoea, na wapo madaktari wanaoliandika.

Na anayedhani hayo ni maneno ya vijiweni, basi nimpe mfano mmoja mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya ukimwi zilikuwa zinamgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Afrika watu walikuwa wanazikwa kila siku, na dawa ipo, imo kwenye makabati ya wenye nazo. Mwezi Februari 2001 bwana mmoja wa India, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, akatangaza kwamba atatengeneza dawa hizo hizo na kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Aliweza kwa sababu sheria ya India ya wakati ule haikuzuia viwanda vyake kutengeneza dawa zilizovumbuliwa na wengine. Dunia ikatikisika. Bei zikashuka na kuendelea kushuka, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa hizo bure. Wangapi mtaani kwako wako hai leo, wanalea watoto wao, kwa sababu ya dawa isiyo na jina kubwa? Unawajua wewe.

Hata serikali yenyewe hainunui majina. Bohari ya Dawa, ile MSD iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, inanunua kwa jina halisi na kwa wingi. Mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya nao unamtaka daktari aandike jina halisi la dawa. Sasa kama serikali inaona hivyo, wewe mlalahoi unayehesabu nauli ya daladala unang'ang'ania boksi linalong'aa la nini?

Najua utakachoniambia. "Dada, rahisi ni ghali. Dawa ya bei poa si itakuwa feki?" Swali zuri, wala sikulaumu. Dawa feki zipo, na ni hatari. Lakini feki na nafuu ni vitu viwili tofauti. Tena mwenye kughushi anapenda kughushi jina kubwa linalouzika ghali, kama wanavyoghushi viatu na simu. Kazi ya kukagua dawa ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kabla ya mwaka 2019 ilikuwa inaitwa TFDA. Dawa haitakiwi kuuzwa nchini kabla ya kusajiliwa nao, iwe ya bei mbaya au ya bei chee. Kwa hiyo kinga yako ni pale unaponunulia. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, lenye kibali ukutani na mtu anayejua anachouza. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama kama boksi limefunguliwa. Dai risiti. Yule anayepanda kwenye basi na mkoba akitangaza kidonge kimoja kinachotibu kiuno, macho na nguvu za kiume, mwache aendelee na safari yake.

Rahisi iliyo ghali kweli kweli ni nusu dozi. Hapa naomba tusikilizane, hasa akina mama wenzangu. Mtu anaandikiwa amoksilini vidonge 15, kimoja mara tatu kwa siku tano. Anafika dukani anasema, "Nipe vya elfu moja." Anapewa vitano au sita. Anameza siku mbili, homa inapoa, anamshukuru Mungu. Wale wadudu dhaifu wamekufa, wale sugu wamebaki, wanazaliana. Wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi na safari hii amoksilini haifui dafu, anaandikiwa sindano za bei ambayo hata sitaki kuitaja.

Tumeshaonywa na malaria, lakini hatusikii. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, chungu, inawasha mwili mzima mpaka mtu anajikuna ukutani, lakini ilikuwa ya bei ndogo na ilitibu. Vijidudu vikaizoea, na kutumia dozi pungufu ni moja ya mambo yanayovisaidia kuzoea. Mwaka 2001 Tanzania ikaiweka kando, tukaingia SP. Nayo haikuchukua muda, ndipo mwishoni mwa mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Dozi ya mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni, siku tatu. Na bado utamkuta mtu amemeza siku moja na nusu, vilivyobaki kavihifadhi kwenye kopo la sukari "mtoto akiumwa." Jamani! Unajitibu nusu wewe, na unamtibu nusu mtoto, mnabaki wagonjwa wawili.

Kwa hiyo ufanyeje wewe ambaye mshahara wako unaisha tarehe 10? Haya ndiyo niliyoyapata kwa wauguzi na wafamasia niliowasumbua wiki nzima.

La kwanza, anzia kwa daktari kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Mwambie, "Daktari, naomba uniandikie jina halisi la dawa, hela yangu ni ndogo." Hakuna aibu. Yeye si mganga wa kienyeji kwamba ukiuliza dawa inavunjika nguvu. Ukiwa na bima, mwulize pia kama dawa hiyo imo kwenye orodha ya bima yako, kwa sababu si kila dawa imo, na utakuja kujua dirishani wakati umeshachelewa.

La pili, kama karatasi ina dawa tano na hela inatosha tatu, usichague kwa bei wala kwa rangi. Mwulize daktari, au mfamasia, ipi ni ya lazima na ipi inaweza kusubiri. Mara nyingi kwenye ile orodha mna vitamini na dawa ya maji ya kifua iliyoongezwa kukupa faraja. Bora dozi kamili ya dawa moja inayotibu kuliko nusu nusu ya dawa tano.

La tatu, dukani uliza hivi: "Hii ina ya kampuni nyingine, jina halisi lile lile na miligramu zile zile, ya bei nafuu?" Halafu usiishie duka moja. Maduka mawili matatu yanatosha. Kumbuka tu kwamba duka la dawa muhimu la mtaani kwako haliruhusiwi kuuza kila dawa ya cheti, kwa hiyo usimlazimishe kijana wa watu akupe asichoruhusiwa.

La nne, zipo dawa za kutobadilisha kampuni hivi hivi bila daktari kujua. Za kifafa, za kuzuia damu kuganda, za tezi la shingo, hizo kipimo chake ni cha uangalifu sana. Huko usijifanye fundi. Kadhalika usivunje kidonge katikati ili kipunguze gharama kabla hujauliza, maana vipo vilivyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni, ukivivunja umeviharibu.

La tano, ijue haki yako. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu, ukoma na za kufubaza virusi vya ukimwi ni bure huko. Mzee wako akiombwa hela, uliza kwa heshima dawati la ustawi wa jamii la hospitali. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Fuatilia ofisi ya kata yako ujue inakuhusu vipi, usisubiri kuumwa ndipo uulizie kadi.

Na nyie waheshimiwa madaktari wetu, tunawapenda, mnatuokoa, lakini hili lazima niwaambie. Kalamu yenu inaandika jina kwa sekunde mbili, huku nyumbani jina hilo linalipiwa kwa ada ya mtoto. Andikeni jina halisi, tena kwa mwandiko unaosomeka. Na nyie wenye famasi, msingoje tuwaulize. Mkimwona mama wa watu anahesabu sarafu, mwambieni kuna ya bei nafuu. Atarudi kwenu mwezi ujao na ule mwingine, kwa sababu atakuwa hai.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mie naongeza kwamba dukani kwa dawa, kutouliza ni gharama. Kata kipande hiki cha gazeti, kitie kwenye pochi pamoja na kikaratasi chako cha daktari. Na kama una mzee nyumbani mwenye presha au sukari, leo jioni kahesabu vidonge vyake bila kumgombeza. Usikie atakwambiaje.

Wiki ijayo panapo majaaliwa tutarudi kwenye yale mambo yetu, maana naona barua za wanaotaka kujua kama mwanamume anayepika ni bahati au balaa zimejaa tele. Mpaka hapo, mezeni dozi zote!